Kumpata Kingfishi Bandarini: Mahali, Mkondo na Dakika ya Kwanza

Kila mara maji ya bahari yanapoanza kupata joto katika nusu ya kusini ya dunia, video za watu walio kwenye boti ndogo, katikati ya vivuko, meli na majengo marefu, wakipandisha samaki mnene mwenye mkia wa manjano, husambaa mtandaoni na kuzua maswali mengi. Wapo wanaouliza kama huyo ndiye nguru. Wapo wanaoamini kwamba ni bahati tu, na wapo waliojaribu mbinu walizozisikia, wakazunguka bandari nzima tangu alfajiri hadi adhuhuri bila chambo chao kuguswa hata mara moja, kisha wakakata shauri kwamba samaki hao hawapo. Makala haya yanalifafanua jambo hilo hatua kwa hatua: huyo ni samaki gani hasa, kwa nini huingia bandarini, mtu aliye kwenye boti anamtafutaje, na kwa nini wengi wanaomnasa humpoteza kabla hawajamtia machoni.

Ni samaki gani?

Wavuvi na wauza samaki wengi wanaposema kingfishi humaanisha nguru, yaani Scomberomorus commerson, samaki mrefu mwembamba wa jamii moja na jodari na vibua. Huyo wa kwenye video ni mwingine kabisa. Ni Seriola lalandi, wa jamii ya kolekole, mwenye mgongo wa bluu iliyoiva, tumbo jeupe, mstari wa rangi ya shaba unaopita ubavuni kutoka usoni hadi mkiani, na mkia wa manjano unaomtambulisha kwa mbali. Anajulikana sana Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Jamaa zake wa Japani na wa California walihesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja naye, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulipopendekeza wagawanywe kuwa spishi tatu. Katika makala haya, kila ninaposema kingfishi ninamaanisha huyo wa mkia wa manjano.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mvuvi, kwa sababu ushauri unaofaa kwa nguru humharibia kazi anayemtafuta kingfishi. Nguru ana meno makali yanayokata mshipi mara moja, ndiyo maana wanaomvua hufunga waya kati ya mshipi na ndoana. Kingfishi ana meno madogo madogo yanayokwaruza bila kukata, na ana macho makali; waya mbele ya chambo humfanya asogee, atazame, kisha ageuke aende zake. Nguru huvuliwa sana kwa chambo kinachokokotwa kwa kasi juu juu ya maji, ilhali kingfishi wa bandarini mara nyingi hukaa katikati ya maji au karibu na sakafu, na hupenda chambo kinachokwenda polepole. Na pale nguru anapoukata mshipi kwa meno, kingfishi huukata kwa kuupeleka kwenye nguzo iliyojaa chaza.

Kuhusu ukubwa, kingfishi mzito kuliko wote katika rekodi za kimataifa za uvuvi wa mshipi alikuwa na kilo 52, na alivuliwa New Zealand mwaka 1984. Taarifa ya aina hiyo humpotosha mgeni wa uvuvi huu. Wengi wa kingfishi wanaoingia bandarini ni wachanga, wa urefu wa sentimita 50 hadi 70 hivi, wakitembea kwa makundi, na wakubwa hujichanganya nao mmoja mmoja. Mtu anayejiandaa kwa samaki wa kilo 30 pekee hutumia ndoana na mshipi mnene kiasi kwamba hata wale wa kilo 4 humkwepa.

Kwa nini aingie kwenye maji ya meli?

Dhana iliyoenea ni kwamba samaki mkubwa hukaa mbali, kwenye maji mazito ya bluu, na kwamba kelele za injini humfukuza. Ukweli ni kwamba kingfishi hufuata vitu viwili, joto la maji na chakula, na bandari nyingi humpa vyote viwili kwa miezi kadhaa ya mwaka. Maji ya nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi humfaa vizuri. Katika bandari ya Sydney, Australia, kwa mfano, makundi huanza kuonekana majira ya machipuko, yaani kuanzia Septemba au Oktoba, huongezeka wakati wa kiangazi cha huko cha Desemba hadi Februari, na huendelea hadi Aprili au Mei, ingawa wachache, tena wakubwa, hubaki hata wakati wa baridi. Kipimajoto cha boti kina manufaa zaidi ya kalenda, kwa kuwa mkondo wa maji ya joto unaweza kuchelewa au kuwahi.

Chakula nacho kipo tele. Bandari ina mlango mwembamba unaoingiza na kutoa maji mengi kila yanapojaa na kupwa, na ndani yake mna ngisi kwenye nyasi za bahari, chuchunge wanaoelea juu ya maji, dagaa, mkizi, na samaki wadogo wa jamii ya kolekole wanaokusanyika chini ya gati na kuzunguka maboya. Kelele za vivuko samaki huzizoea. Kinachomshtua ni kelele ya ghafla: mnyororo wa nanga unaoporomoka, kifuniko cha sanduku kinachobamizwa, injini inayowashwa kwa nguvu juu ya kichwa chake.

Ipo pia dhana kwamba samaki hawa wamekwisha. Kwa jimbo la New South Wales, ambako Sydney ipo, dhana hiyo iliwahi kuwa na msingi. Mitego mikubwa ya kuelea iliyotumika kibiashara iliwanasa wachanga kwa wingi, na serikali ya jimbo iliipiga marufuku mwaka 1996. Tangu hapo samaki walianza kurudi, na wengi wanaowavua leo bandarini wanavuna matunda ya uamuzi huo bila kujua kwamba uliwahi kufanyika. Naona ni haki kuutaja, kwa sababu habari za bahari nyingi tunazosikia ni za hasara, na hapa pana mfano wa sheria moja iliyozaa matokeo yanayoonekana kwa macho.

Usitafute samaki, tafuta mahali

Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Bandari ni pana, na sehemu kubwa ya maji yake haina kingfishi hata mmoja. Anayezunguka ovyo akitumaini kukutana naye anautumia muda wake kwenye maji matupu. Kingfishi wa bandarini hukaa au hupita mahali penye mambo matatu kwa pamoja: kitu kinachosimama majini, mkondo unaokipiga kitu hicho, na samaki wadogo au ngisi waliojificha hapo. Likikosekana moja, uwezekano hupungua sana. Yakikosekana mawili, ondoka.

Vitu vinavyosimama majini ni vingi: nguzo za taa zinazoongoza meli, maboya makubwa na minyororo yake, nguzo za gati, vyombo vilivyofungwa muda mrefu mahali pamoja, miamba iliyozama, kingo ambapo sakafu inashuka ghafla kutoka mita 6 hadi mita 15, na rasi zinazojitokeza kwenye njia ya maji. Katika bandari ya Sydney, wavuvi hulenga sana nguzo za taa za njia za meli zinazojulikana kwa jina la Wedding Cakes, na kingo za mwamba wa Sow and Pigs ulio karibu na mlango, kwa sababu maji yanayoingia na kutoka hulazimika kupita kandokando yake. Mtu aliye kwenye bandari nyingine yoyote anaweza kufungua ramani ya kina cha maji na kuzitambua sehemu za namna hiyo akiwa bado nyumbani. Azitie alama saba au nane, kisha siku ya uvuvi apite kutoka moja hadi nyingine. Kwenye kila alama dakika 15 au 20 zinatosha iwapo hakuna dalili yoyote.

Angalizo la sheria na la uhai: katika sehemu nyingi ni kosa kufunga boti kwenye boya au nguzo ya kuongozea meli, na meli kubwa haiwezi kusimama wala kukwepa kwa haraka. Anayevua kando ya njia ya meli lazima injini yake iwe tayari wakati wote, na mtu mmoja awe anatazama nyuma.

Mkondo ndio unaowakanganya wengi. Husemwa kwamba maji yakijaa kabisa ndio wakati bora, na wengine husema yakipwa. Kwa kweli, jambo linaloangaliwa ni mwendo wa maji, si kiwango chake. Maji yakisimama, samaki wadogo hutawanyika na kingfishi hupoteza sababu ya kukaa mahali pamoja. Maji yakianza kusogea, wadogo hujipanga karibu na nguzo, na mara nyingi hukaa upande unaokabiliana na mkondo, mahali ambapo maji hupungua nguvu kidogo kabla ya kugawanyika. Kingfishi naye hukaa hapo au chini yao kidogo. Kwa hiyo chambo kinachopita nyuma ya nguzo, upande uliokingwa, kinaweza kukosa kuonekana ilhali samaki yupo mita chache tu mbele. Saa moja na nusu za kwanza za mwendo mpya, baada ya maji kugeuka, huwa nzuri mno. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali na uvuvi mzuri hubanwa kwenye vipindi vifupi karibu na mageuko, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kipindi hurefuka ingawa samaki huwa wazito kuamka.

Alfajiri inasifiwa kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba mwanga hafifu humpa mwindaji ujasiri, na bandari huwa tulivu kabla vyombo havijaanza kupita. Hata hivyo, ikiwa alfajiri maji yamesimama na saa nne asubuhi yanakwenda, mimi ningechagua saa nne.

Sonari inasema nini, na haisemi nini

Sonari ni kifaa kinachotuma mlio chini ya boti na kusikiliza mwangwi wake, kisha huchora mwangwi huo kwenye kioo. Wengi hukiamini kioo hicho kana kwamba ni dirisha la kutazamia bahari yote. Mlio huo hushuka kwa umbo la mwanga wa kurunzi: mwembamba karibu na boti na mpana kadiri unavyokwenda chini. Kwa mlio unaopanuka kwa pembe ya nyuzi 20, ambao ni wa kawaida, upana wa eneo linaloonekana ni kama theluthi moja tu ya kina. Kwenye maji ya mita 12, basi, kifaa kinaona duara la mita 4 hivi sakafuni, na karibu na uso wa maji hakioni karibu chochote. Kundi la kingfishi linaweza kuwa mita 5 ubavuni mwa boti na kioo kikabaki kitupu.

Jambo la pili linalopotosha ni wakati. Mstari wa mwisho wa upande wa kulia wa kioo ndio sasa. Kila kilicho kushoto kwake kimekwisha kupita. Samaki anayeonekana katikati ya kioo aliachwa nyuma sekunde nyingi zilizopita. Anayeteremsha chambo kwa alama hiyo bila kuirudisha boti mahali pale anavua kumbukumbu.

Alama yenyewe inahitaji kusomwa. Samaki wadogo waliojikusanya huonekana kama wingu zito, mara nyingine lenye umbo la mpira. Samaki mkubwa huchora upinde boti inapompita, kwa kuwa umbali kati yake na kifaa hupungua kisha huongezeka. Boti ikiwa imesimama na samaki naye akikaa chini yake, hakuna upinde, kuna mstari mrefu. Pinde au mistari minene iliyo pembeni au chini ya wingu ndiyo dalili inayostahili kusimamisha boti. Wingu likiwa limebanwa, limepasuka katikati au limesukumwa juu ghafla, kuna anayewinda hapo hata kama hajachorwa. Dalili za juu ya maji zisidharauliwe: ndege wanaozunguka mahali pamoja, chuchunge wanaoruka kwa kundi, maji yanayochemka karibu na boya.

Ngisi kwanza, kingfishi baadaye

Ukiniuliza ni jambo gani moja linalomtofautisha anayepata na anayekosa baada ya kuchagua mahali, jibu langu ni chambo. Kingfishi wa bandarini huona chambo bandia na vipande vya samaki waliogandishwa mara nyingi, na siku nyingi huvipuuza. Ngisi aliye hai hampuuzi kwa urahisi. Ndiyo maana wavuvi makini huanza safari kwa kumtafuta ngisi, na wako tayari kutumia saa mbili nzima kwa kazi hiyo, jambo ambalo mtu mwenye haraka huliona kuwa kupoteza muda.

Ngisi hukaa kwenye kingo za nyasi za bahari na mwani, kwenye kina cha mita 2 hadi 5, hasa pale majani yanapokutana na mchanga. Hunaswa kwa chambo bandia chenye umbo la kamba wa baharini, kilichozungukwa nyuma na sindano kali zisizo na kijino cha kuzuia kama cha ndoana. Kinarushwa, kinaachwa kizame hadi karibu kuyagusa majani, kinavutwa kwa mishtuko miwili mifupi ya fimbo, kisha kinaachwa kizame tena. Karibu kila mara ngisi hukikamata wakati kinapozama, kwa hiyo mshipi lazima uangaliwe hasa wakati ambapo mvuvi hafanyi kitu. Uzito ukihisiwa, unavutwa taratibu na bila kusita, kwa maana nyama ya mikono yake ni laini na huchanika. Kabla ya kumpandisha, mwache atoe wino wake nje ya boti. Wino ukimwagika ndani ya tangi, maji huharibika na ngisi waliomo wanaweza kufa. Tangi liwe na maji yanayobadilishwa kila wakati, na wasisongamane.

Akipatikana hai, ndoana hupitishwa kwenye ncha ya mwili wake, upande ulio mbali na kichwa, ikishika ngozi kidogo tu ili aendelee kuogelea. Wengi huweka na ndoana ya pili karibu na kichwa, kwa sababu kingfishi mara nyingine humkamata ngisi kwa kichwa na kuacha mwili. Asipopatikana ngisi, samaki wadogo wa chini ya gati ni badala nzuri. Ndoana hupita puani au mbele ya pezi la mgongoni. Ngisi mbichi aliyekatwa vipande virefu hufuata kwa ubora, na aliyegandishwa huwa wa mwisho. Ndoana za mviringo, zile ambazo ncha yake imegeukia ndani, hunasa pembeni mwa mdomo na hurahisisha kumwachia samaki asiyefaa. Ila anayezitumia asiuvute mshipi kwa kishindo anapohisi kuguswa. Aache fimbo ipinde yenyewe, kisha akaze.

Kilichobaki ni kukifikisha chambo mahali samaki alipo. Mshipi wenye ngisi ukikokotwa nyuma ya boti hupanda juu, hata ukiwa na chubwi, yaani kizito cha kuuzamisha, na hupita mita nyingi juu ya vichwa vya samaki. Kwa hiyo hutumika tufe la risasi la kilo 3 au 4 linaloteremshwa kwa kebo yake lenyewe kutoka pembeni mwa boti. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye kishikio kilicho juu kidogo ya tufe, mita 5 hadi 10 zikiachwa kati ya kishikio na chambo, na samaki akivuta, kishikio huuachia mshipi ukabaki huru bila uzito. Boti huenda kwa kasi ya kilomita 2 hadi 4 kwa saa, kasi ambayo ngisi anaweza kuistahimili bila kuzunguka kama kitambaa. Ikiwa sonari inaonyesha samaki kwenye mita 9, tufe liwe kwenye mita 7 au 8, kwa kuwa kingfishi hupanda kukifuata chakula kwa urahisi kuliko anavyoshuka. Asiye na kifaa hicho anaweza kuizuia boti kwa injini, upande wa juu wa mkondo, na kukiacha chambo chenye chubwi ndogo kisogee chenyewe kuelekea kwenye nguzo.

Dakika ya kwanza

Kingfishi akinaswa hakimbilii maji ya wazi. Anajua nguzo iko wapi, mnyororo uko wapi, mwamba uko wapi, na huelekea huko moja kwa moja, kichwa chini, kwa nguvu inayowashangaza hata watu waliozoea samaki wakubwa kuliko yeye. Mshipi ukigusa chaza au kome mara moja tu ukiwa umekazwa, umekatika. Wengi husimulia kwamba samaki alikuwa mkubwa mno. Mara nyingi alikuwa wa kilo 6 au 7, na kosa lilikuwa la sekunde tano za mwanzo.

Ushauri wa kumwacha samaki akimbie hadi achoke ni mzuri baharini wazi, na bandarini humpa samaki ushindi. Breki ya rili, yaani kigurudumu kinachokunja mshipi, ikazwe kabla ya chambo kuingia majini, si wakati samaki anakimbia. Kiasi cha kawaida ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi unaohimili kilo 24, breki ianze kuachia kwenye kilo 6 hadi 8, na kipimo hicho kichukuliwe kwa mizani ya kuning'iniza, kwa maana mkono hudanganya. Mshipi mkuu uwe wa nyuzi zilizosukwa, ambao haunyumbuki, na sehemu ya mwisho, mita 2 hivi, iwe ya flurokaboni (aina ya plastiki) ya kilo 18 hadi 27, ambayo haionekani kirahisi majini na huvumilia kukwaruzwa kidogo. Kukiwa na nguzo karibu, nenda kwenye unene wa juu. Kwenye ukingo wa mchanga ulio wazi, punguza, nawe utaguswa mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, nguvu kubwa kuliko zote ni boti yenyewe. Kwa maoni yangu, kwenye uvuvi huu anayeshika usukani ndiye anayevua, na mwenye fimbo anamsaidia. Mara tu mshipi unapotoka kwenye kishikio, nahodha aingize gia na kuondoka taratibu lakini bila kusita, akielekea maji ya wazi, huku mwenye fimbo akiuweka mshipi umekaza bila kujaribu kukunja rili. Mtu wa tatu, akiwepo, alipandishe tufe la risasi haraka, kwa kuwa kebo yake ni mtego mwingine wa mshipi. Baada ya mita 40 au 50 kutoka kwenye nguzo, hesabu hubadilika: sasa samaki hana pa kujificha, na pambano linaweza kwenda kwa subira. Mambo haya yote yapangwe kwa sauti kabla ya chambo kuteremshwa. Boti ambayo watu wake wanaanza kuulizana nani afanye nini wakati rili inalia imekwisha kumpoteza samaki wake.

Kingfishi wa kwanza anapoletwa karibu na boti, tazama nyuma yake. Mara nyingi wenzake humfuata hadi juu, na wakati huo hula karibu chochote kitakachoanguka mbele yao. Wenye chambo cha pili tayari hupata samaki wawili mahali ambapo wangepata mmoja.

Urefu, idadi, na usalama wa kula

Kwa sababu wengi wa kingfishi wa bandarini ni wachanga, kupima ni sehemu ya uvuvi wenyewe. New South Wales inataka urefu usiopungua sentimita 65 na samaki wasiozidi 5 kwa mtu kwa siku. New Zealand inataka sentimita 75 na samaki 3. Takwimu hizi mbili huzua ubishi kwa sababu hazipimwi kwa namna moja. Ya kwanza hupimwa kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, ya pili hadi kwenye panda ya mkia, na kwa samaki mwenye mkia uliogawanyika kama huyu tofauti ni ya sentimita kadhaa. Sheria hubadilika, kwa hiyo zisomwe upya kila msimu kwenye taarifa za mamlaka ya uvuvi ya mahali husika, pamoja na maeneo yaliyofungwa.

Dhana ya mwisho ni ya hatari kuliko zote: kwamba maji yakionekana safi, samaki wake ni salama. Bandari nyingi zimepakana na viwanda kwa vizazi kadhaa, na sumu iliyotulia kwenye tope haionekani majini. Bandari ya Sydney ilifungiwa uvuvi wote wa kibiashara mwaka 2006 kwa sababu ya daioksini, sumu ya viwandani, na ushauri kwa wanaovua kwa burudani ni kutokula kabisa samaki waliovuliwa upande wa magharibi wa daraja kubwa la bandari, na kupunguza kiasi kwa wale wa upande wa mashariki kulingana na aina ya samaki. Kingfishi huhamahama, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kukisia; ushauri wa afya wa bandari husika usomwe kabla ya safari. Samaki anayefaa kuliwa auawe mara moja, atolewe damu kwa kukatwa matamvua, na atiwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, kwa sababu misuli yake hujaa joto wakati wa pambano na nyama huharibika haraka akiachwa juani.

Asiyefika kipimo apokewe kwa wavu wenye nyuzi za mpira, na kulabu isitumike kabisa. Mikono iloweshwe kwanza, tumbo lishikiliwe kwa mkono mmoja na shina la mkia kwa mwingine, na asining'inizwe kwa mdomo kwa ajili ya picha. Ndoana ikiwa imemezwa, ukate mshipi karibu na mdomo kuliko kuichimba. Kisha arudishwe kichwa kikitangulia, kwa msukumo wa haraka kuelekea chini, ili maji yapite kwa nguvu kwenye matamvua yake. Na ifanyike mbali na nguzo ambapo papa au sili wamezoea kungojea, kwa sababu samaki aliyechoka hawezi kuwakwepa.